Sikukuu Kutoka Dirishani: Chapa za Mbao za Hiroshige na Mahubiri Yetu Katika Ukanda wa Dhahabu

Utangulizi

Si kawaida kwa jarida la chuo cha theolojia kushughulika na picha za kale za sikukuu za Kijapani. Msomaji atauliza, na anayo haki ya kuuliza: Kuna nini kati ya Edo ya karne ya 19 na Geita ya leo? Kuna nini kati ya mahekalu ya Washinto na sharika zetu za Shinyanga, Kahama na Nyarugusu? Makala hii yakusudia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza picha chache za Utagawa Hiroshige, na hasa picha moja, ambayo kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu katika somo la mahubiri.

Hoja yangu ni moja. Picha ya sikukuu haipimwi kwa uzuri wake tu, wala kwa jina la mungu anayeadhimishwa ndani yake tu. Hupimwa pia kwa mahali inapomweka mtazamaji. Je, twaitazama sikukuu kutoka dirisha la nani? Swali hilo likiisha kuulizwa juu ya picha, halina budi kuulizwa juu ya sikukuu zetu wenyewe.

1. Mchoraji na kazi yake

Hiroshige alizaliwa mwaka 1797 katika mji wa Edo, ambao leo waitwa Tokyo, akafa humo mwaka 1858. Katika miaka yake ya mwisho alichora mfululizo wa picha uitwao Mandhari Mia Moja Mashuhuri ya Edo. Ulianza kutolewa mwaka 1856 na mchapishaji Uoya Eikichi, na ndani yake mna picha 118 zilizotoka mkononi mwa Hiroshige mwenyewe. Ikumbukwe kwamba mwaka 1855 mji huo ulipigwa na tetemeko kubwa la ardhi lililofuatwa na moto. Kwa hiyo aliyenunua picha hizo alikuwa akiutazama mji uliotoka majivuni.

Namna ya kuzitengeneza yafaa ielezwe, maana wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba mchoraji hufanya kazi peke yake. Hiroshige alichora mistari kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi ile kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga na kuondoa mbao zote isipokuwa palipo na mstari. Kisha ulichongwa ubao mwingine kwa ajili ya kila rangi. Mchapaji akapaka rangi, akalaza karatasi juu ya ubao, akaisugua kwa mkono. Akarudia hivyo rangi baada ya rangi, mpaka picha ikakamilika. Karatasi yenyewe haikuwa kubwa, kama sentimita 36 kwa 24. Tena kabla ya kuchapwa, kila mchoro ulipaswa kupata mhuri wa mkaguzi. Basi tunaposema Hiroshige, twataja kazi ya mikono mingi, iliyofanyika chini ya jicho la serikali, kwa ajili ya soko la watu wa kawaida.

Katika mfululizo huu sikukuu zimechorwa kwa jinsi ya kushangaza. Tungetazamia umati, ngoma na mavazi. Lakini Hiroshige mara nyingi huuweka umati mbali, au huuondoa kabisa. Katika picha ya sikukuu ya wavulana, iliyofanyika siku ya tano ya mwezi wa tano, samaki mkubwa mweusi wa bendera apepea na kuijaza karatasi toka juu hata chini, ishara ya wazazi kuwaombea wana wao nguvu. Daraja la Suido na watu wapitao juu yake wamekuwa wadogo mno chini yake. Katika picha ya sikukuu ya Tanabata, iliyofanyika siku ya saba ya mwezi wa saba, tunaona mapaa ya nyumba na mianzi mirefu iliyotundikwa mapambo. Ukiyachunguza mapambo hayo utakuta katikati yake kitabu cha hesabu za duka, kifaa cha kuhesabia chenye shanga, na masanduku ya fedha. Wenye maduka wameyainua mbinguni yale wanayoyatamani duniani. Mchoraji hasemi neno. Ameyachora tu yalivyotundikwa.

2. Paka na reki

Picha ninayotaka tuikalie kwa muda ilitoka mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1857. Yaonyesha sikukuu ya Torinomachi, iliyofanyika katika siku za Jogoo za mwezi huo kwenye hekalu lililokuwa karibu na Asakusa. Watu wa Edo, hasa wafanyabiashara, walikwenda huko kununua reki za mianzi zilizopambwa. Reki hukusanya majani makavu. Basi kwa ishara iliaminiwa kwamba itamkusanyia mwenye nayo mali na bahati kwa mwaka mzima. Kwa ufupi, hii ilikuwa sikukuu ya kuvuta utajiri.

Lakini angalia jinsi ilivyochorwa. Sisi watazamaji tumo ndani ya chumba cha juu, wakati wa machweo. Mbele yetu pana dirisha lenye nondo za mbao, na juu ya kizingiti chake amekaa paka mweupe, ametupa mgongo nusu, anatazama nje. Huko nje pana mashamba ya mpunga, na katikati yake msururu wa watu wadogo kama siafu, wamebeba reki zao. Mlima Fuji wasimama mbali, na ndege waruka kuelekea usiku. Ndani ya chumba, kando ya paka, pana kitambaa cha kujifutia na bakuli la maji. Chini, upande wa kushoto, nyuma ya kiambaza cha kukunja kinachoonekana ukingo wake tu, pametupwa pini za nywele zilizotengenezwa kwa umbo la reki ndogo, zawadi kutoka sikukuuni. Basi. Hakuna mtu.

Mnunuzi wa Edo hakuhitaji kuambiwa chumba hicho ni cha nani. Madirisha yaliyoyaelekea mashamba hayo yalikuwa ya Yoshiwara, mtaa uliozungushiwa uzio na kuruhusiwa na serikali, ambamo wanawake waliuzwa. Wengi wao walikuwa binti za maskini, waliotolewa na wazazi wao wenyewe kwa mkataba wa miaka na kwa deni lisilokwisha upesi. Tetemeko la mwaka 1855 lilipouteketeza mtaa huo, wanawake wengi waliangamia ndani yake. Waliokufa bila ndugu walizikwa pasipo heshima katika uwanja wa hekalu la Jokanji lililokuwa jirani. Na siku ya sikukuu ya reki milango ya Yoshiwara ilifunguliwa kwa watu wote. Ilikuwa siku ambayo mwanamke wa mtaa ule hakutakiwa kukosa mteja.

Sasa picha yasomeka upya. Mteja ametoka sikukuuni kununua bahati, akapitia hapa. Pini ni zawadi yake. Mwanamke yupo, lakini nyuma ya kiambaza. Wa kuitazama sikukuu kwa raha ni paka peke yake. Wale wanaotembea shambani wanaomba mali iwajie. Ndani ya chumba hiki twaona mali inapotoka, na ni nani anayelipa.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo mhakiki hana budi kulipima kwa uangalifu. Je, Hiroshige amemsitiri mwanamke kwa heshima, au ameificha aibu ya mji wake kwa ajili ya soko? Nadhani yote mawili ni kweli. Picha ni ya upole sana, rangi zake zatuliza, paka apendeza. Mnunuzi aliweza kuibandika ukutani na kutabasamu bila kusumbuliwa na lolote. Kwa upande huo picha imefanya amani na chumba ambacho haikupasa kufanya amani nacho. Lakini kwa upande mwingine imefanya jambo ambalo picha za sikukuu hazifanyi: imetuondoa kwenye umati wa wenye kusherehekea, ikatuketisha katika chumba cha yule anayeilipia sherehe. Haishtaki. Bali imetuweka mahali ambapo mwenye dhamiri aweza kujishtaki.

Ni vema kujua kwamba picha za Hiroshige ziliwavuta sana wachoraji wa Ulaya. Vincent van Gogh, mwana wa mchungaji wa Kiholanzi, alizikusanya, na mwaka 1887 alinakili kwa rangi za mafuta mbili za mfululizo huu huu. Mtu huyo miaka michache kabla yake alikuwa mhubiri miongoni mwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Borinage nchini Ubelgiji, naye aliondolewa kazini mwaka 1879, kwa kuwa wakubwa wake walimwona amepita kiasi katika kujifanya maskini pamoja na maskini. Yeye alinakili bustani ya miti na daraja katika mvua. Chumba cha paka hakukinakili. Wachoraji wa wakati huo walijifunza kwa Wajapani mambo ya rangi na mpangilio. Sisi tuliotumwa kwa wachimbaji yatupasa kujifunza na jambo jingine.

3. Mahali pa mtazamaji: Bayeye na Cranach

Ili tuone jinsi dirisha hili lilivyo la pekee, na tulilinganishe na picha za aina mbili zilizo karibu nasi, moja kwa udongo na nyingine kwa imani.

Ya kwanza ni ya hapa nyumbani. Mwaka 1953 Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa elimu jamii wa serikali ya Tanganyika, alitoa kitabu huko London juu ya michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka katika Usukuma. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba za kuwaingiza wanachama wapya. Nyoka, watu na viumbe vya hadithi vilichorwa ukutani ili mwanachama afundishwe asili na siri za chama. Mwenye kuitazama alikuwa ndani tayari, au alikuwa akiingizwa. Asiye mwanachama hakuwa na mahali pa kusimama. Nyumba ile haikuwa na dirisha, kwa maana ninayoisema hapa.

Ya pili ni ya kwetu kama Walutheri. Martin Luther alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwezi Septemba 1522, kitabu cha Ufunuo kilipambwa kwa picha 21 za chapa ya mbao kutoka karakana ya Lucas Cranach. Ufundi wake ni ndugu wa ule wa Edo: mbao, kisu, wino na karatasi. Kanisa letu lilinyonyeshwa kwa picha hizo pamoja na Neno. Katika picha ya mwanamke wa Babeli, Cranach amemvika taji ya Papa yenye ngazi tatu, na ghadhabu iliyotokea ilikuwa kubwa hata katika toleo la Desemba taji hiyo ikapunguzwa. Hapa picha yasema kila kitu. Mtazamaji amesimama imara upande wa kweli, na kidole chaelekezwa kwa mwingine.

Nami nitasema jambo ambalo huenda ndugu zangu wengine hawatalipenda. Kwa habari ya kuihubiri sheria, chapa ya paka, iliyofanywa na mtu asiyemjua Kristo, yatufaa leo kuliko chapa ya Cranach. Cranach aliyaona maovu ya Babeli, lakini aliyaona Roma. Mtazamaji wa Wittenberg aliweza kuifunga Biblia yake akiwa na amani. Lakini sura ya 18 ya kitabu kile kile cha Ufunuo yaorodhesha bidhaa za wafanyabiashara wanaoomboleza: yaanza na dhahabu, na kuishia na miili na roho za wanadamu. Orodha hiyo haina anwani ya Roma peke yake. Hiroshige, bila kuijua, amechora mwanzo na mwisho wa orodha hiyo katika karatasi moja: huko mbali, wanaoomba mali, hapa karibu, chumba cha mtu aliyeuzwa.

4. Reki zetu

Sasa nirudi nyumbani. Usukuma ni nchi ya sikukuu. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hata Agosti, vyama vikuu viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana. Na tangu zamani kundi lililovuta watazamaji wengi ndilo lililohesabiwa kuwa limeshinda. Kwa sababu hiyo manju hakutegemea sauti na wimbo tu. Palikuwa pia na dawa ya kuvuta watu. Wakatoliki wa Bujora, kwa kazi ya Padre David Clement tangu miaka ya 1950, waliyaunganisha mashindano hayo na sikukuu ya Ekaristi inayoitwa Bulabo. Sisi Walutheri kwa sehemu kubwa tulisimama mbali, tukasema ni mambo ya mizimu. Sitaki katika makala hii kuamua nani alitenda vema. Nataka tu tuone kwamba reki ya Edo na dawa ya ngoma ni ndugu: zote ni vyombo vya kuvuta.

Kwenye machimbo hamu hiyo ya kuvuta imekuwa kali zaidi. Mchimbaji mdogo hushuka duarani asijue kama jiwe lina kitu au halina. Mwenzake wa duara la pili amepata. Yeye miezi sita hajapata, na amekwisha kula kwa mkopo. Kati ya juhudi na mapato pana giza, na katika giza hilo mganga huingia. Wengi wa waganga huuza maji, mizizi na maneno. Lakini tunajua yaliyotokea. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Januari 2009 Serikali ilizifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba ya mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Reki ya Edo ilikuwa ya mianzi. Reki ya kwetu ilikuwa mkono wa mtoto.

Kanisa lilikemea. Nami nilikemea, kwa sauti kubwa, kama Cranach, nikimwelekezea kidole mganga. Hapa naomba msomaji aniruhusu niseme lililonipata, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kuisoma picha hii.

Mwaka ule wa 2009 nilikuwa mchungaji mpya katika usharika mmoja wa machimboni. Tulikuwa na sikukuu ya mavuno. Waumini walileta mpunga, choroko, viazi na kuku, na baada ya ibada ukafuata mnada kwa vipaza sauti. Mmiliki mmoja wa duara alinunua kuku kwa bei ya ng'ombe, akamtoa tena Bwana apewe. Akauzwa mara ya pili. Akamnunua tena, akamtoa tena. Vigelegele vilisikika mbali. Nilipigwa picha nikiwa nimesimama naye, yule kuku kati yetu. Mtu huyo simshutumu kwa lolote, wala sina neno juu yake. Siku ile nilihubiri juu ya shukrani, na sikuuliza hata kwa sentensi moja mali yetu hutoka wapi.

Juma lililofuata niliitwa kumwombea mama mgonjwa katika nyumba iliyokuwa, nadhani, hatua mia tatu kutoka kanisani. Chumbani, nyuma ya dirisha lililozibwa kwa kanga, alikuwapo binti yake wa miaka tisa, mwenye ualbino. Alikuwa amebatizwa katika usharika wetu, lakini hakuwa amefika ibadani kwa mwaka mzima. Mama alieleza kwamba siku za kawaida walijaribu kutoka kidogo. Siku za sikukuu hawakuthubutu kabisa, maana ndipo wageni wengi hutoka machimboni. Yule binti aliweza kunitajia nyimbo za kwaya zote kwa mfuatano wake, kama zilivyomfikia kwa vipaza sauti. Kisha akaniuliza kama ni kweli kuku yule aliuzwa mara tatu.

Sikuwa na la kumjibu zaidi ya "Ndiyo". Siku tuliyoiita ya furaha ya nyumba yote ya Mungu ilikuwa, katika chumba kile, siku ya hatari kuliko zote. Ile picha yangu na mmiliki wa duara ilikuwa picha ya kweli ya sikukuu, kama msururu wa reki katika mashamba ulivyo wa kweli. Lakini ilipigwa kutoka upande wetu wa dirisha. Mwaka uliofuata wazee wa usharika walikubali kwamba sehemu ya sikukuu ipelekwe majumbani, na nyumba ile iwe ya kwanza. Familia ilikuwa imekwisha kuhama.

5. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza husemwa na wanafunzi karibu kila mwaka: Picha hii ni ya sikukuu ya miungu, na tena yatoka katika nchi iliyomkanyaga Kristo. Ni kweli. Ukristo ulipigwa marufuku Japani mwaka 1614, na amri hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1873. Huko Nagasaki, kwa zaidi ya miaka mia mbili, watu waliamriwa kuikanyaga sanamu ya Kristo au ya Mariamu ili wathibitishe kwamba si Wakristo, na jambo hilo likawa sehemu ya desturi za mwaka mpya wao. Hata Hiroshige alipokuwa akichora, palikuwa na Wakristo waliojificha. Lakini tukilifikiri vizuri, jambo hilo laongeza nguvu ya hoja. Ndugu zetu wale nao walizisikia sikukuu za wengine kutoka ndani ya nyumba zilizofungwa. Paulo alipofika Athene alitembea na kuvitazama vitu vya ibada vya watu kabla ya kufungua kinywa (Matendo 17). Luther naye, aliporudi Wittenberg mwezi Machi 1522 na kuwakuta watu wakivunja sanamu, alihubiri siku nane mfululizo, akafundisha kwamba picha haziokoi wala hazipotezi. La kuondolewa ni tegemeo la moyo, nalo huondolewa kwa Neno. Mwaka 1529 alikitoa kitabu chake cha sala kikiwa na picha hamsini hivi, kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida. Hatuiabudu reki kwa kuitazama. Tumewahi kuiabudu pasipo kuitazama.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Je, hatuwageuzi walioumizwa kuwa mfano wa mahubiri? Mwanamke wa Yoshiwara na mtoto wa Geita si mmoja, wala maumivu ya mmoja si kioo cha kumpambia mwingine. Nakubali. Ndiyo sababu nimesema kwamba upole wa Hiroshige hautoshi. Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518 Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake halisi. Hiroshige alituonyesha chumba, lakini hakumtaja aliyekaa ndani yake. Mchungaji hana ruhusa ya kuishia hapo. Picha hutuketisha mahali panapofaa. Kutoka hapo lazima Neno lisemwe, mlango ubishwe hodi, na mtu aitwe kwa jina lake.

Hitimisho

Ndugu mwanafunzi, utakapotumwa katika usharika wa machimboni utazikuta sikukuu nyingi: mavuno, Kipaimara, kuweka jiwe la msingi, kuwapokea wageni. Usizipuuze. Bwana wetu alizipenda karamu, hata akalaumiwa kwa ajili yake. Lakini katika Luka 14 alimwagiza mwenye karamu awaalike hasa wale wasioweza kulipa. Basi kabla ya kuipanga sikukuu, waulize wazee wako: Ni nani katika kijiji hiki ambaye siku hii kwake ni ya hofu? Wako wapi akina mama wapondao mawe, wanaouvuta moshi wa zebaki ili sadaka yetu ing'ae? Yuko wapi binti ahudumuye katika baa, ambaye usiku wa kuuzwa dhahabu ni usiku asioruhusiwa kukosa mteja? Wako wapi vikongwe ambao macho yao, yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa kuni, yamewafanya waitwe wachawi? Usiulize ili orodha isomwe madhabahuni, bali uende.

Na siku ya sikukuu yenyewe, watu watakapokuita upigwe picha, simama nao. Hakuna dhambi katika kusimama. Lakini geuza macho mara moja, uyatazame madirisha ya nyumba za jirani. Tangu mwaka ule nimeyatazama kila mara. Mengine yako wazi, na watoto wamejazana wakicheka. Mengine yamezibwa kwa kanga, nami nimejifunza kuzihesabu hatua kutoka mlango wa kanisa mpaka hapo.